Serikali na Soko la Mkulima

Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, Endabash, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Twaona fahari kubwa kusimama mbele yenu katika siku hii ambayo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Ni desturi katika siku kama hii kuhesabu magunia na kusifu viongozi, na kazi hiyo wenzetu wameifanya vema. Sisi twataka kuliuliza swali ambalo mkulima wa Endabash hujiuliza kila msimu anaposimama mbele ya mizani: katika biashara ya mazao yetu, Serikali ina kazi gani?

Wako wasemao kwamba Serikali ijiondoe kabisa, kila mtu auze na kununua apendavyo. Wako pia wasemao kwamba Serikali ndiyo inunue kila kitu kwa bei moja, ili mnyonge asidhulumiwe. Sisi wa nchi hii tumeyaonja yote mawili, wala hatuna haja ya kubishana kwa maneno matupu.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Mwezi wa Mei, 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na vijiji vikatakiwa kuuza mazao moja kwa moja kwa mashirika ya umma. Nafaka ikawa mikononi mwa Shirika la Taifa la Usagishaji. Bei moja kwa nchi nzima ilimfaa mkulima aliye mbali na reli. Lakini malipo yalichelewa, shirika likazama katika madeni, na mtu hakuruhusiwa kusafirisha kutoka mkoa hata mkoa zaidi ya kilo 30 za nafaka kwa biashara yake. Mahindi yakajifunza kusafiri usiku. Sheria ya 1982 ilivirudisha vyama vyetu. Mwaka 1984 kiasi kile kikaongezwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 kizuizi chenyewe kikaondolewa.

Ndipo likaja soko huria. Mnunuzi akafika mlangoni na fedha taslimu, jambo ambalo hatulidharau hata kidogo. Lakini alikuja pia na lumbesa, gunia lililovimba hata likafungwa kwa kamba, na bei yake akaitunga mwenyewe ndani ya lori. Mwenye mtoto anayedaiwa ada akauza mazao yakiwa bado shambani.

Sasa tutazame mwaka 2017, ambao hakuna mwanachama atakayeusahau. Chama chetu kilikuwa bado kichanga. Mwezi wa Juni Serikali yetu ilipiga marufuku kupeleka mahindi nje ya nchi, kwa nia ya kulinda chakula cha taifa. Mkulima akajiliwaza kwamba mbaazi zitamwokoa, maana mbaazi tunazipanda pamoja na mahindi, na soko lake kubwa ni India. Mwezi wa Agosti, wakati tukiwa katika mavuno, Serikali ya India, iliyokuwa imepata mavuno mengi ya wakulima wake, ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zitokazo nje. Bei tuliyozoea kuihesabu kwa maelfu ya shilingi kwa kilo, tukaihesabu kwa mamia. Wako waliouza kwa hasara, na wako walioziacha ghalani hata wadudu wakazila.

Lakini angalieni jirani yetu Msumbiji. Mwaka 2016 Serikali yake ilikuwa imetia sahihi mapatano na India, ya kwamba mbaazi zake zitapokewa kwa kiasi kilichotajwa, mwaka hata mwaka. Kikomo kilipowekwa, mlango wa Msumbiji ukabaki wazi. Mkulima wa huko hakulima kwa bidii kutupita sisi, wala mbaazi zake hazikuwa tamu zaidi. Tofauti ilikuwa karatasi moja, iliyotiwa sahihi mapema.

Hapa ndipo tulipojifunza. Hakuna mkulima, wala chama cha msingi, wala Chama Kikuu, awezaye kwenda Delhi kufungua mlango uliofungwa na Serikali. Kazi hiyo ni ya Serikali peke yake. Ya pili ni mizani: sheria imekataza lumbesa, basi na mwenye kuivunja aonekane akiadhibiwa. Ya tatu ni neno la mapema. Kama mpaka utafungwa, au mazao yatauzwa kwa utaratibu mpya, tuambiwe kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna. Mkulima huweza kuvumilia amri ngumu. Asichoweza kuvumilia ni amri inayomkuta ameshatia mbegu ardhini. Kununua na kuuza, hayo tuachiwe sisi.

Lakini, Ndugu zetu, anayedai haki hana budi kutimiza wajibu. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 imetupa njia ya kukusanya mazao pamoja na kuyauza kwa mnada. Njia hiyo haifai kitu ikiwa malipo yatachelewa. Na tuseme ukweli katika siku ya furaha: msimu mmoja malipo yetu wenyewe yalichelewa, na mwaka uliofuata wanachama wengi walimfuata mwenye lori. Hatuwalaumu. Anayehitaji dawa leo hawezi kuingoja stakabadhi. Deni hilo la imani hatujalimaliza kulilipa, na miaka kumi ijayo itapimwa kwa hilo kuliko kwa idadi ya maghala.

Wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Waliona mbali, ila mkulima akibaki mmoja hata mbele ya mizani, yeye mwenyewe ndiye atakayeliwa. Serikali na itufungulie mlango, inyoshe mizani, na itupe neno mapema. Kupita mlangoni tukiwa pamoja, hiyo ni kazi yetu, wala hatutaki kufanyiwa.