Shukrani Kabla ya Kisu

Sisi tunaosema nanyi leo ni mume na mke, na neno tulilo nalo tulilipata mahali ambapo hatukupenda kwenda, yaani katika wodi ya wagonjwa wanaongoja kupasuliwa.

Asubuhi moja mmoja wetu, alipokuwa akioga, aligusa kitu kigumu katika titi lake la kushoto. Kilikuwa kidogo kama punje ya hindi, wala hakikuuma. Ilitupasa kwenda hospitali juma lile lile. Hatukwenda. Tulisema ni uchovu wa shamba. Tulisema tungoje mavuno yaishe. Miezi minne ikapita. Kweli ni kwamba tuliogopa neno moja, saratani. Tulidhani tusipolitaja halitakuwapo.

Labda wewe pia waliogopa neno hilo. Wakenya wengi twaukumbuka mwezi wa Julai 2019, wakati saratani ilipowachukua watu watatu waliojulikana nchi nzima: Bob Collymore aliyekuwa mkuu wa Safaricom, Ken Okoth mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso gavana wa Bomet. Watu walinong'ona, "Ikiwa wakubwa kama hao hawakupona, sisi watu wa chini tutafanyaje?" Hofu hiyo imewafanya wengi wakae nyumbani na ugonjwa wao. Lakini madaktari watuambia kwamba uvimbe wa titi ukionekana mapema na kutibiwa, watu wengi huishi miaka mingi. Miezi yetu minne haikuchukuliwa na Mungu. Tuliitupa wenyewe.

Hatimaye tulikwenda. Daktari alichukua kipande kidogo cha nyama kikapimwe, na majibu yalipokuja, neno lile lilikuwa limeandikwa pale. Akatueleza kwa upole kwamba titi liondolewe, na tezi za kwapani pia. Tuliuza ng'ombe, na kanisa likafanya harambee. Mungu awabariki wote waliotoa, hata waliotoa mayai.

Lakini si wote waliokuja walileta faraja. Ndugu mmoja alituambia tutafute dhambi tuliyoificha. Dada mwingine alisema mwenye imani hakubali kisu. Maneno hayo yalituuma kuliko ugonjwa wenyewe, nasi tukalala siku kadha bila kusemezana, kila mmoja akijipima moyoni. Ndipo tukafungua Biblia. Katika Yohana 9 tuliona wanafunzi wakiuliza swali hilo hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, na Bwana Yesu akakataa kumlaumu yeye wala wazazi wake. Katika 2 Wafalme 20 tuliona mfalme Hezekia akilia na kuomba, na Mungu akamsikia. Hata hivyo Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi yalikuwapo, na dawa ilikuwapo. Na Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo amwita tabibu. Basi tukajua kwamba kwenda kwa daktari si kumkimbia Mungu.

Sasa twataka kuwaambia habari za usiku ule kabla ya upasuaji. Saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa karibu kwisha. Tulishikana mikono tuombe, na maneno yakakataa. Tulichoweza kusema ni hiki tu: "Bwana, ukimponya, tutakushukuru." Tukakirudia mara nyingi, kama watu wanaopatana bei sokoni.

Kitanda cha pili kilikuwa na nyanya mmoja aliyepasuliwa siku mbili kabla. Alikuwa akitusikia. Akasema polepole, "Wanangu, mmemwomba sana. Je, mmemwambia asante?"

Tuseme kweli, tulikasirika moyoni. Asante ya nini? Lakini yeye akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mimi namshukuru kwa yule muuguzi aliyeniosha kama mtoto wake. Namshukuru kwa damu niliyotiwa, maana sijui ni ya nani. Namshukuru kwa usingizi. Walinikata, nami sikusikia kitu."

Baadaye tulisoma habari za mwanamke mmoja wa Marekani, Jane Todd Crawford, tukamkumbuka nyanya yule. Mwaka wa 1809 mama huyo alikuwa na uvimbe mkubwa sana tumboni. Alipanda farasi mwendo wa karibu kilomita 100 katika baridi mpaka Danville, Kentucky, kwa daktari Ephraim McDowell. Wakati huo hapakuwa na dawa ya usingizi. Hiyo ilionyeshwa hadharani kule Boston mwaka wa 1846. Alipasuliwa siku ya Krismasi akiwa macho, kwa muda wa dakika 25 hivi, na yasimuliwa kwamba alikuwa akikariri Zaburi. Uvimbe uliotolewa ulikuwa na uzito wa kilo 10 hivi. Aliishi miaka 32 baada ya siku ile. Sisi tuliletewa usingizi bure, hata hatukuufikiri kuwa ni kipawa.

Basi usiku ule tulijaribu. Tulishukuru kwa mikono ya daktari. Tulishukuru kwa miaka 21 ya ndoa yetu. Tulishukuru kwa uji wa ile jioni, maana ulikuwa wa moto. Hofu haikuondoka. Lakini tuliweza kuachana pale mlangoni bila kulia, na mmoja akalala kitandani, na mwingine akalala kwenye benchi.

Upasuaji ulikwenda vema. Hata hivyo hatutawadanganya. Kidonda kilikawia kupona. Mkono ulikataa kuinuka hata kuchana nywele, kisha zile dawa za mshipani zikaziondoa nywele zenyewe. Kulikuwa na siku za kukiepuka kioo, na siku ambazo asante ilikuwa ngumu kutoka kinywani. Siku hizo mmoja wetu alishukuru kwa niaba ya mwenzake.

Na nyanya yule wa kitanda cha pili? Mwaka uliofuata Bwana alimwita. Tulipopata habari tulinyamaza kwa muda mrefu. Je, shukrani zake zilipotea? Hapana, ndugu. Hakuwa akinunua uzima kwa shukrani. Sisi ndio tuliotaka kununua. Yeye alimshukuru Mungu kwa kuwa alimjua. Hata Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa, lakini neema alipewa ya kutosha. Sisi nasi twaenda kupimwa kila baada ya miezi sita. Hatujui tutaambiwa nini safari ijayo. Twamjua tunayekwenda naye.

Ndugu msikilizaji, ikiwa umeona uvimbe katika mwili wako, au damu isiyo ya kawaida, usingoje mavuno kama sisi. Nenda juma hili. Mwambie mke wako, mwambie mume wako, usiibebe hofu peke yako. Na ikiwa jirani yako ni mgonjwa, usimpelekee mashtaka. Mpelekee uji, ukae naye. Tena leo, kabla ya kulala, kabla hujajua kesho italeta nini, mtajie Mungu mambo matatu uliyotendewa. Wale wenye ukoma kumi walitakaswa wote, na mmoja tu ndiye aliyerudi kushukuru. Tusiwe katika wale tisa.

Na tuombe. Ee Baba yetu, twawaleta mbele zako wote walio vitandani usiku huu, na wale wanaongoja majibu. Uongoze mikono ya madaktari na wauguzi. Utusamehe kwa kuwa twaomba sana na kushukuru haba. Utupe moyo wa kukuamini katika uzima na katika kufa, kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.