Mdogo wa Umri au wa Kimo? Neno "Poni" Katika Madarasa ya Thika na Ruiru



Mwanafunzi wangu wa Ruiru aliandika kwamba poni ni mtoto wa farasi. Nikamkatia kwa kalamu nyekundu, nikaandika "farasi mdogo". Akauliza: mdogo wa umri au wa kimo? Sikuwa na jibu la papo hapo, na swali lake ndilo lililonileta mbele yenu.

Poni ni farasi aliyekomaa, ila mfupi. Kwenye mashindano ya kimataifa hatakiwi kuzidi sentimita 148 begani, bila viatu. Atazaa, atazeeka, na bado ataitwa poni. Hata hivyo, asili ya neno inamtetea mwanafunzi wangu. Kiingereza kililipata kutoka Uskochi katika karne ya 17, na wanaisimu wengi hulifuatilia hadi kwa Wafaransa, ambao mtoto wa farasi humwita poulain. Nyuma yake kuna pullus ya Kilatini, yaani kinda. Maana ilianzia kwenye umri ikahamia kwenye kimo. Mitaani London imekwenda mbali zaidi: poni ni pauni 25!

Kiswahili hakikushughulika na kimo. Farasi tulimpokea na jina lake la Kiarabu. Punda wa bara akaitwa kihongwe. Aliyezaliwa na punda na farasi ni baghala, au nyumbu, jina tunalompa pia yule mnyama wa mwituni anayevuka Mto Mara kwa maelfu.

Watoto wa Makongeni na Kiandutu, mitaa ya Thika, humwona punda akivuta mkokoteni wa mitungi ya maji, ilhali farasi wengi wao humjua kwa picha. Wanaozungumza Kikuyu nyumbani humwita mbarathi, na neno hilo ni farasi yuleyule: Kikuyu hakina f wala s, kwa hiyo limevaa sauti za wenyeji. Mfano huu unafaa kuanzia somo la ukopaji wa maneno, kwa sababu mtoto anao tayari mdomoni.

Pendekezo langu ni kwamba "farasi mdogo" tuliache. Tuseme poni, poni huyu, poni hawa, na tulieleze kuwa ni farasi wa kimo kifupi. Mtoto wa farasi awe mwanafarasi, kwa mfano wa mwanapunda ambaye kila anayekwenda kanisani amemsikia Jumapili ya Mitende.

Nimelijaribu Thika. Niliwatoa wanafunzi hadi barabarani, tukamsimamisha mwenye mkokoteni. Punda wake alikuwa mfupi kuliko mvulana mrefu wa darasa, na mmoja akauliza kwa nini mtoto anafanyishwa kazi. Mwenyewe akacheka, akampigapiga mnyama shingoni. "Huyu si mtoto, mwalimu," akaniambia. "Huyu amezaa mara tatu."