Wanapochekana kwa Makosa ya Kuandika

Masomo: Waamuzi 12,1-6, Matendo ya Mitume 18,24-28



Mara nyingi tunahubiri juu ya ulimi unaosema. Leo tuzungumze juu ya ulimi unaoandika. Katika nchi yetu watu wanaandika siasa sana. Huyu anaunga mkono serikali, yule ni wa upinzani, na kila mmoja ana wafuasi wake wanaongoja aandike nini asubuhi. Kuandika hivyo si dhambi. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 23, inampa kila mtu haki ya kutoa mawazo yake. Mwananchi anayeandika juu ya mambo ya nchi anafanya kazi ya mwananchi.

Lakini tuangalie majibizano hayo yanakwenda namna gani. Ujumbe wa kwanza unazungumza juu ya barabara iliyokatika. Wa pili unauliza feza za barabara zilikwenda wapi. Wa tatu hauzungumzi tena juu ya barabara, unasema: "Huyu ameandika 'er' mahali pa 'é', na bado anataka kutufundisha siasa!" Mwenzake naye anarudisha: "Na wewe, Kiswahili hicho umekiokota wapi?" Wafuasi wa huku wanacheka, wafuasi wa kule wanatukana. Jioni ikifika, kila mtu anajua nani hakumaliza masomo, lakini hakuna anayejua feza za barabara zilikwenda wapi. Na mwenye kuzila, kama yupo, analala usingizi mzuri.

Hilo ndilo jambo la kwanza tunaloomba mlielewe. Kucheka maandishi ya mtu ni njia rahisi ya kukwepa ulizo lake. Kujibu juu ya feza kunadai hesabu na ukweli. Kuonyesha herufi iliyokosewa hakudai kitu.

Wapendwa, tuwaze mama mmoja wa kartie yoyote ya mji wetu. Mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya feza za shule. Mama amesikia kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na kweli Katiba inasema hivyo katika kifungu cha 43, na tangu mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019 serikali ilitangaza kwamba inatekeleza jambo hilo. Basi anachukua telefone, anaandika ulizo lake kwa Kifaransa kidogo alichobakiza tangu darasa la sita, na Kiswahili cha nyumbani kinaingia katikati. Halafu mtu mwenye diploma anachukua maneno yake, anayazungushia alama nyekundu, anayatuma kwa wengine wacheke. Mama huyo hataandika tena. Majirani zake walioona nao hawataandika. Mtoto bado yuko nyumbani. Waliocheka hawakushinda mpinzani wa siasa. Wamefunga kinywa cha mwenye haki.

Ugonjwa huu haukuanza na telefone. Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1948 ilitolewa kadi ya kuonyesha kwamba Mkongomani fulani ni "mwenye sifa", na mwaka 1952 ikaja sheria ya kuandikishwa kama mtu aliyestaarabika. Aliyetaka kuandikishwa alichunguzwa: anasema Kifaransa namna gani, anakula namna gani, nyumba yake imepangwa namna gani. Wachache sana walipita. Kifaransa hakikuwa tena chombo cha kuelewana, kilikuwa kipimo cha kujua nani ni mtu kamili. Wabelgiji waliondoka tarehe 30 Juni 1960. Lakini tunapomwambia ndugu yetu kwamba hawezi kusema juu ya nchi yake kwa sababu amekosea kitenzi, tunakaa kwenye kiti kilekile cha mchunguzi na kushika daftari yake.

Na bado, katika miaka ileile ya ukoloni, tuna mfano mwema. Katikati ya mwaka 1956 kundi la Conscience africaine huko Léopoldville lilitoa tangazo. Lilikubali kwamba uhuru uje polepole, kufuata mpango wa miaka 30 uliokuwa umependekezwa na profesa Mbelgiji Van Bilsen. Mwezi wa 8 wa mwaka huohuo chama cha ABAKO, chini ya Joseph Kasavubu, kilijibu: hapana, hatuwezi kungoja miaka 30, tunataka haki zetu sasa. Angalieni: ABAKO kilianzishwa mwaka 1950 kwa ajili ya kulinda lugha ya Kikongo. Kama kuna watu waliojali lugha, ni hao. Lakini jibu lao linakumbukwa mpaka leo kwa sababu liligusa jambo lenyewe: miaka 30, au sasa? Hivyo ndivyo watu wazima wanavyobishana. Miaka 4 baadaye nchi ilipata uhuru.

Sasa tuingie katika Neno la Mungu. Somo la Waamuzi sura ya 12 linatisha. Watu wa Efraimu walimkasirikia Yefta kwa sababu alikwenda vitani kupigana na Waamoni bila kuwaita. Hilo lilikuwa ulizo la siasa, na lingeweza kujibiwa. Yefta alianza kujibu. Lakini Efraimu walikuwa tayari wametisha kuchoma nyumba yake, tena walikuwa wamewadharau watu wa Gileadi na kuwaita watoro tu. Toka dharau wakaingia vitani. Mwishowe watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliamriwa atamke neno moja: Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kutamka "sh", walisema Sibolethi. Aliyesema hivyo alikamatwa na kuuawa palepale. Biblia inahesabu watu 42,000 wa Efraimu walioanguka wakati ule.

Wapendwa, hao walikuwa ndugu. Wote wana wa Israeli, wote wanamwomba Mungu mmoja. Herufi moja iliwatenga na uzima. Sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia habari hii. Tumesikia maneno kama haya: "Sikieni anavyotamka, huyu si wa hapa." Leo linasemwa kwa kicheko katika mabishano ya siasa. Kesho, siku ya vurugu, watu walewale wanalisema kwenye kizuizi cha barabara, na hakuna anayecheka. Ndiyo maana hatuwezi kusema kwamba mzaha huo ni mchezo tu. Anayewazoeza watu kumpima ndugu kwa matamshi anawafundisha kazi ya vivuko vya Yordani.

Tena tukumbuke mtume Petro. Katika Mathayo 26,73, usiku ule wa kukamatwa kwa Yesu, watu waliosimama uani walimtambua kwa namna alivyosema, kwa sababu msemo wa Galilaya ulimfichua. Na katika Matendo 4,13 wakubwa wa Yerusalemu waliona wazi kwamba yeye na Yoane hawakuwa watu wa shule. Mungu hakungoja Petro abadilishe msemo wake ndipo amtume. Siku ya Pentekoste aliwasimamia watu wa lugha nyingi akiwa Mgalilaya vilevile. Mtume Paulo naye alisemwa na wapinzani wake huko Korintho kwamba barua zake ni nzito lakini kusema kwake ni kwa kudharauliwa. Alikubali kwamba si fundi wa kuhutubu, kisha akarudi kwenye jambo lenyewe: je, mafundisho ni ya kweli au si ya kweli?

Mtu atatuuliza: basi tuandike ovyo tu? Hapana. Lugha nzuri ni heshima kwa anayesoma. Silabi moja inaweza kugeuza maana: "tutalipa" si sawa na "hatutalipa". Ikiwa tangazo la mbunge au la gavana halieleweki, mwananchi ana haki ya kuuliza lina maana gani. Walimu wanaosahihisha daftari za watoto wetu wanafanya kazi takatifu. Lakini kusahihisha na kufedhehesha ni mambo mawili. Anayesahihisha anataka mwenzake aeleweke. Anayefedhehesha anataka mwenzake anyamaze.

Somo la pili linatuonyesha njia. Apolo alikuwa msemaji hodari, mwenye elimu ya Maandiko. Lugha yake haikuwa na doa, lakini mafundisho yake yalikuwa na upungufu, kwa sababu alijua ubatizo wa Yoane tu. Ona basi: mtu anaweza kusema vizuri sana na bado akapungukiwa katika jambo lenyewe. Priskila na Akila walimsikia akihubiri katika sinagogi. Hawakusimama mbele ya watu kumwaibisha. Walimchukua kando, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Matokeo yake? Apolo aliendelea na safari akiwa na nguvu zaidi, na kanisa la Akaya likapata msaada mkubwa. Kama wangemcheka hadharani, huenda kanisa lingempoteza mhubiri, na wao wangepata vigelegele vya siku moja.

Kwa hiyo tunawaomba wakristo wote wanaoandika siasa, wa kila chama, washike mambo matatu.

La kwanza: kabla ya kujibu, uandike kwa maneno yako mwenyewe mwenzako ameuliza nini. Kama huwezi, bado hujamsoma.

La pili: ukiona kosa la lugha linaloharibu maana, umwandikie yeye peke yake, kwa upole, kama Priskila na Akila. Kama maana inaeleweka, uache herufi, ujibu ulizo.

La tatu: usicheke kamwe matamshi au Kiswahili cha mtu kwa ajili ya mahali alipozaliwa. Wa Lubumbashi, wa Bukavu, wa Uvira, wa Goma, wa Kisangani, kila mmoja ana Kiswahili alichonyonya kwa mama yake. Na ukiona wengine wanacheka hivyo, usitume mbele. Moto unaokosa kuni unazimika.

Ninyi wafuasi mnaosoma tu, msidhani hamna sehemu. Wanaobishana wanaandika kile mnachokipenda. Mkisifu matusi, kesho mtapewa matusi mengine. Mkiuliza, "Na ile barabara?", watalazimika kurudi barabarani.

Maulizo ya kuzungumza katika vikundi:
1. Katika kartie yetu, ni nani aliyenyamaza kwa kuogopa kuchekwa? Tunaweza kumsaidia namna gani aseme?
2. Je, tunawafundisha watoto lugha ili waelewane na watu, au ili wawazidi wengine?

Tuombe. Ee Bwana, uliyewaumba watu wa lugha zote, utupe masikio ya kusikia ndugu anataka kusema nini. Uzuie mkono wetu unapotaka kuandika dharau. Uwape wanaotuongoza moyo wa kujibu maulizo ya wadogo. Nchi yetu isione tena watu wakipimwa kwa matamshi kwenye vivuko. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.