Ridhaa ya Nani? Kutoka Wimbledon hadi Mkuza, Kibaha



Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch nchini New Zealand, askari kijana wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) alisimama kwenye mstari wa kuanzia mbio za mita 1,500. Alikuwa na umri wa miaka 20, mzaliwa wa Karatu. Bastola ilipolia hakumngoja mtu. Mita 400 za kwanza alizimaliza kwa sekunde 54.9, mwendo ambao wajuzi wa mbio hizo waliuona ni wa kujimaliza mapema. Uwanja mzima ukakaa kusubiri achoke. Mzunguko wa mwisho John Walker, akikimbia mbele ya watu wa kwao, alianza kula ile nafasi hatua kwa hatua, na Ben Jipcho wa Kenya akawa anakuja nyuma yake. Hawakumfikia. Filbert Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Rekodi ya Jim Ryun wa Marekani, iliyosimama tangu mwaka 1967, ilivunjwa kiasi kwamba hata Walker aliyeshika nafasi ya pili alikimbia chini ya muda wake.

Bayi alivishwa medali ya dhahabu. Fedha hakupewa, wala kwa kanuni za riadha za wakati ule hakuruhusiwa kupewa. Alikuwa mwanamichezo wa ridhaa.

Neno hilo ndilo kiini cha mhadhara huu. Katika Kiswahili cha kila siku, ridhaa ni kukubali kwa hiari. Binti huulizwa ridhaa yake kabla ya ndoa, mgonjwa hutia saini ya ridhaa kabla ya upasuaji. Watangazaji na waandishi wa michezo walipotafuta jina la mchezo usio wa malipo, walichagua neno hilo zuri: michezo ya ridhaa kwa upande mmoja, michezo ya kulipwa kwa upande wa pili. Swali ni kama wachezaji wenyewe waliwahi kuulizwa. Jibu linapatikana mbali kidogo na Pwani, katika viwanja vya tenisi vya Ulaya na Marekani kati ya vita kuu mbili za dunia, maana huko ndiko mgogoro wa ridhaa na malipo ulikopiganwa hadharani kuliko katika mchezo mwingine wowote.

Kanuni ya ridhaa haikuanzia kwenye tenisi. Mwaka 1879 wasimamizi wa mashindano ya makasia ya Henley, Uingereza, waliandika nani anastahili kuitwa mpiga kasia wa ridhaa, na wakawaondoa wazi wazi mafundi, wafanyakazi wa mikono na vibarua. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda usafi wa mchezo. Matokeo yake ni kwamba mchezo ulibaki wa watu ambao hawakuhitaji kufanya kazi ili wale. Tenisi ilirithi fikra hiyo. Hata mwalimu aliyelipwa kumfundisha mtoto kushika raketi alihesabiwa kuwa mchezaji wa kulipwa, naye hakuruhusiwa kushindana Wimbledon.

Fedha, hata hivyo, zilikuwa tele. Viwanja vilijaa, tiketi ziliuzwa, vyama vilijenga majengo. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika tenisi ya miaka ile, aliyekula kivulini hakuwa yule aliyechuma juani.

Wa kwanza kulisema hilo kwa sauti kubwa alikuwa mwanamke. Suzanne Lenglen wa Ufaransa alikuwa ametwaa ubingwa wa Wimbledon mara sita. Mwaka 1926 alikubali mwaliko wa C. C. Pyle, mwandaaji wa maonyesho wa Marekani, aliyemhakikishia dola 50,000 kwa ziara moja. Oktoba mwaka huo alicheza pambano la kwanza katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, dhidi ya Mary K. Browne. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kwa miaka mingi alikuwa ameviingizia viwanja fedha nyingi, naye akitoa mfukoni mwake ada za kushiriki. Baada ya ziara hiyo milango ya mashindano ya ridhaa ilifungwa kwake.

Miaka miwili baadaye unafiki wa kanuni ulionekana mchana kweupe. Bill Tilden, Mmarekani aliyekuwa mchezaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake, alifungiwa na chama cha tenisi cha nchi yake kwa kuandika makala za magazeti kuhusu Wimbledon kwa malipo. Wakati huo huo Wafaransa walikuwa wamejenga uwanja mpya, Roland Garros, kwa ajili ya fainali ya Kombe la Davis ya mwaka 1928 dhidi ya Marekani. Bila Tilden tiketi zingenunuliwa na nani? Suala likafika kwa balozi wa Marekani mjini Paris, na adhabu ikasimamishwa. Tilden alicheza, akamshinda René Lacoste, ingawa kombe lilibaki Ufaransa. Fainali ilipokwisha na mapato kukusanywa, adhabu ilirudishwa. Kosa lilikuwa lile lile na mtu alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni mahitaji ya waliokuwa wakihesabu mapato. Mwisho wa mwaka 1930 Tilden alivuka upande wa kulipwa, na Februari 1931 alicheza mechi yake ya kwanza huko dhidi ya Karel Koželuh, bingwa aliyekuwa akiishi kwa kufundisha.

Kisha akaja Fred Perry wa Uingereza. Baba yake, Samuel Perry, alianza maisha katika viwanda vya pamba kabla ya kuwa mbunge wa chama cha wafanyakazi. Mwaka 1934 kijana huyo alitwaa Wimbledon kwa kumfunga Jack Crawford wa Australia. Perry alisimulia mwenyewe baadaye kwamba alipokuwa akioga, alimsikia mjumbe wa klabu akimwambia Crawford kuwa siku ile aliyestahili hakushinda. Tai ya uanachama wa heshima, ambayo bingwa hupewa, hakukabidhiwa mkononi. Aliikuta imetupiwa kwenye kiti.

Alishinda tena mwaka 1935 na 1936. Mwishoni mwa 1936 akaingia tenisi ya kulipwa, na Januari 1937 zaidi ya watu 17,000 walijaa Madison Square Garden kumtazama akipambana na Ellsworth Vines, Mmarekani aliyevuka kabla yake. Msimu ule wawili hao waliizunguka Marekani mji kwa mji, kiwanja cha turubai kikitandazwa jioni na kukunjwa usiku. Ilikuwa kazi ngumu, na walilipwa kwayo. Uingereza, iliyotwaa Kombe la Davis mfululizo tangu 1933 hadi 1936 Perry akiwa nguzo, ilipoteza kombe mwaka 1937. Ililipata tena mwaka 2015.

Fikra ya ridhaa ilifika hata kwenye vilima vya Kisarawe. Mwaka 1925, mwaka mmoja kabla ya Lenglen kwenda New York, chuo cha Mtakatifu Andrea cha misheni ya UMCA kilihama kutoka Kiungani, Zanzibar, kikahamia Minaki. Shule za misheni zilikuja na mafunzo ya michezo pamoja na vitabu, na fundisho lilikuwa moja: mchezo ni wa kujenga tabia, nidhamu na udugu. Haki isemwe, fundisho hilo lilikuwa na wema wake. Kijana aliyejifunza kushindwa bila kinyongo alijifunza jambo la maana. Ila Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka Minaki, tenisi yenyewe ilichezwa katika klabu za Wazungu ambako Mwafrika aliingia akiwa mhudumu. Ubaya haukuwa katika kuupenda mchezo. Ulikuja pale upendo ulipofanywa sharti, na sharti hilo likawa jepesi kwa mwenye nacho na zito kwa asiye nacho.

Karibu nusu karne baada ya Lenglen, Afrika Mashariki ilipata msimu wake wenyewe wa ridhaa na malipo.

Mwaka 1973 kundi jipya la riadha ya kulipwa lilianza mashindano Marekani. Kipchoge Keino, askari polisi wa Kenya na bingwa wa Olimpiki wa 1968 na 1972, alijiunga nalo. Ben Jipcho, askari magereza, alifuata baada ya Christchurch, alikokuwa ametwaa dhahabu ya mita 5,000 na ya kuruka viunzi na maji. Walichokifanya ni kile kile alichokifanya Perry, na hukumu yao ilikuwa ile ile: Olimpiki basi tena. Kundi hilo halikudumu. Mwaka 1976 lilifungwa, na wakimbiaji waliovuka wakawa hawana pa kurudi.

Bayi alibaki upande wa ridhaa. Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, aliweka rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Mwaka uliofuata ulimwengu mzima ulisubiri akutane tena na Walker kwenye Olimpiki ya Montreal. Hawakukutana. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo ile kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini ya makaburu. Msimamo huo ulikuwa wa haki, na gharama yake waliilipa wakimbiaji. Medali ya Olimpiki Bayi aliipata Moscow mwaka 1980, fedha katika kuruka viunzi na maji, huku Suleiman Nyambui akichukua fedha ya mita 5,000. Hadi Paris 2024, Tanzania haikuwa imeongeza nyingine.

Hapa ndipo neno ridhaa linapohitaji kuangaliwa kwa makini. Bayi alikimbia bila malipo ya mbio, lakini hakukimbia bila kula: alikuwa na mshahara wa jeshi. Nyambui alisoma na kukimbia kwa jina la Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso. Bwana wa Henley alitegemea mali ya baba yake. Mkono mtupu haulambwi, na hakuna aliyewahi kuwa bingwa wa dunia kwa tumbo tupu. Kila mwanamichezo wa ridhaa aliyefika juu alikuwa na mtu au taasisi iliyombeba. Kanuni haikuondoa fedha katika michezo. Iliamua tu fedha zipitie mlango gani, na mara nyingi mlango huo haukuwa wa mchezaji.

Dunia ilichelewa kukiri. Tenisi ilifungua mashindano yake kwa wote Aprili 1968, mjini Bournemouth, Uingereza. Riadha ilianza kutoa fedha za zawadi katika mashindano yake ya dunia mwaka 1997, mjini Athens. Shirikisho la riadha la dunia lilikuja kuliondoa neno ridhaa katika jina lake mwaka 2001.

Tofauti kati ya zama mbili ilionekana Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025. Alphonce Simbu, naye askari wa JWTZ, alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye hatua za mwisho kabisa za marathoni na kumshinda kwa sekunde 0.03. Wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, na zawadi ya mshindi ilikuwa dola 70,000. Hakuna aliyesema kwamba fedha hizo zimechafua mbio zile. Simbu alikimbia kwa moyo ule ule wa Bayi, ila yeye alipewa haki yake.

Anayetoka Mailimoja akielekea Morogoro hufika Mkuza bila safari ndefu. Hapo ndipo ilipo sekondari yenye jina la Filbert Bayi, pamoja na kituo cha michezo cha Olympafrica. Kule Eldoret, Keino naye alijenga shule na kulea yatima. Mmoja alibaki kwenye ridhaa, mwingine alivuka akalipwa. Wote wawili waliishia kwenye darasa na kiwanja cha watoto. Hilo linaonyesha kwamba kulipwa hakukumwondolea Keino upendo wa mchezo, na kwamba Bayi hakuhitaji umaskini ili kuuthibitisha wake. Walijua kutokana na maisha yao kwamba miguu huzeeka mapema, na kwamba kijana anayekimbia bila kusoma hubaki mikononi mwa mwenye kalamu.

Kwa hiyo mhadhara huu una maombi matatu. Kwa shule za Kibaha na Kisarawe: kipindi cha michezo kilicho kwenye ratiba kifundishwe kweli, na mwalimu wa michezo athaminiwe kama mwalimu wa hesabu. Kwa vyama na klabu: posho na zawadi zitangazwe kabla ya mashindano, na zilipwe siku iliyoahidiwa. Kwa wazazi: siku mtu atakapobisha hodi na mkataba wa mtoto anayekimbia, anayecheza mpira au anayeshika raketi, karatasi ile isomwe yote, kwa Kiswahili, mtoto akiwepo, kabla mtu yeyote hajatia saini. Kisha mtoto aulizwe.