Kikundi Chako Kinaweza Kulinda Amani

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kinoru, Meru)

 

Mkiitwa mkutano kama huu, kwa kawaida mnazungumza habari za mbuzi wa maziwa, matangi ya maji, au hesabu za kikundi. Leo nimeombwa niseme juu ya amani. Msidhani tumeacha maendeleo. Tangi la maji halina faida mahali watu wanapohama usiku, na mbuzi mzuri ndiye wa kwanza kuibiwa.

Wengine wenu mnatoka sehemu za chini, kuelekea mpaka wa Isiolo, na wizi wa mifugo mnaujua kuliko mimi. Ng'ombe wakichukuliwa usiku, asubuhi husikika maneno mawili. La kwanza: "Serikali ilete jeshi." La pili husemwa kwa sauti ndogo: "Tuchange, tununue bunduki zetu." Hebu tuyapime maneno haya mawili bila kukasirikiana.

Tuanze na hilo la kuchanga. Bunduki si kama jembe, ununue mara moja basi. Inataka risasi, na risasi huisha. Inataka kijana wa kuibeba, na kijana akishaibeba, ni mzee gani atamwambia "keti chini" naye akaketi? Jirani akisikia mmenunua moja, atatafuta mbili. Tena bunduki bila leseni ni kosa la jinai. Kikundi kinachochanga pesa za silaha kimejipeleka mahakamani chenyewe. Na kubwa zaidi: bunduki haiulizi ni nani aliyeiba. Inampiga yule anayefanana na mwizi kwa lugha au kwa mavazi. Ndugu zake wakija kulipiza, hawatauliza pia.

Sasa hilo la jeshi. Wazee wetu wanajua maana ya kuishi chini ya bunduki. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952 hadi 1960, watu wa Meru waliondolewa mashambani mwao na kuwekwa katika vijiji vya lazima. Akina mama walichimba handaki kando ya msitu wa Mlima Kenya. Baba mmoja alikuwa msituni, ndugu yake alikuwa homugadi, na uchungu huo ulibaki katika boma miaka mingi.

Baada ya uhuru, wenzetu wa Kaskazini Mashariki waliendelea kuishi chini ya sheria za hatari hadi 1991. Mnamo Februari 1984 jeshi liliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwanyang'anya bunduki. Waliwekwa juani bila chakula wala maji, na mamia waliuawa. Je, bunduki ziliisha? Haikupita miaka 10, Wajir ilikuwa imejaa bunduki kuliko zamani.

Sisemi askari asifanye kazi yake. Mwizi akamatwe na ashtakiwe kwa sheria. Ninasema askari anaweza kuja na kuondoka, lakini jirani yako yuko pale pale.

Kwa hiyo nawaletea habari za Wajir, maana hao walikuwa na shida kutuliko, na walipata njia.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na silaha zikavuka mpaka kwa bei nafuu. Ukame ulikuwa umeua mifugo mingi. Uchaguzi wa 1992 ukaongeza chuki kati ya koo. Waajuran, Wadegodia na Waogaden wakawa wanauana na kuibiana mifugo. Hata sokoni mambo yaliharibika: mama wa ukoo huu hakutaka kumwuzia mama wa ukoo ule.

Kulikuwa na mama mmoja wa huko, Dekha Ibrahim Abdi. Mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja wa 1993 risasi zililia, akajificha chini ya kitanda na mtoto wake. Asubuhi mama yake akamkumbusha kwamba naye, alipokuwa mtoto, alifichwa vivyo hivyo. Akajiuliza: je, na mjukuu pia atafichwa chini ya kitanda?

Akina mama wachache wa koo tofauti walianza kuzungumza walipokutana arusini. Hawakuanza kwa ofisi wala kwa pesa. Walianza na soko. Walikubaliana kwamba mama yeyote, wa ukoo wowote, lazima aweze kununua na kuuza pale. Wakaweka kamati ya kuangalia soko kila siku. Mtu akimfukuza mwenzake, kamati inafika hapo hapo na kulitatua jambo.

Soko lilipotulia, waliwaendea wazee. Inasimuliwa kwamba walimtanguliza mzee wa ukoo mdogo kuliko yote, kwa sababu hakuna ukoo mkubwa ambao ungemwogopa. Angalieni busara hiyo! Wazee wakakaa, na mnamo Septemba 1993 wakatoa mapatano yaliyoitwa Azimio la Al-Fatah, yenye kanuni za jinsi koo zitakavyorudi kuishi pamoja. Vijana nao wakaunda kikundi chao. Viongozi wa dini, wafanyabiashara na maofisa wa serikali wakaingia. Wakawa na watu walio tayari kuondoka mara moja: mahali pakisikika ugomvi, mzee, mama, kiongozi wa dini na ofisa wanapanda gari pamoja kwenda kuuzima kabla haujasambaa. Mwaka 1995 kamati zote ziliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ndani ya kamati ya maendeleo ya wilaya.

Nisiwadanganye. Mnamo Oktoba 1998 watu zaidi ya 100 waliuawa huko Bagalla. Amani ni kama boma la miiba: usipolikagua, litaoza mahali na fisi atapita hapo. Lakini njia ya Wajir iliigwa. Mwaka 2001 wawakilishi wa wilaya kadhaa, pamoja na jirani zetu wa Isiolo, walifanya mapatano ya Modogashe juu ya wizi wa mifugo na malisho. Leo kamati za amani ziko katika sehemu nyingi za Kenya. Dekha alifariki 2011, na kazi haikuzikwa naye.

Sasa mtu atasema, "Hao walikuwa wanapatanisha majirani. Ikiwa anayetuonea ana serikali nyuma yake, je?" Kumbukeni akina mama wa wafungwa wa kisiasa. Tarehe 28 Februari 1992 waliketi Uhuru Park, Nairobi, wakakataa kula hadi wana wao waachiliwe. Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia kwa marungu na gesi ya machozi. Kina mama wengine walivua nguo, na kwa mila zetu mnajua hiyo ni laana ya namna gani kwa mwana anayempiga mamake. Hawakurusha hata jiwe moja. Walihamia kanisa la All Saints, wakakaa huko karibu mwaka mzima. Kufikia mwanzo wa 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakiwatetea walikuwa wameachiliwa.

Hapa kuna siri moja nataka mwende nayo nyumbani. Mwenye bunduki hawezi kufanya kazi peke yake. Mwizi wa mifugo anahitaji mtu wa kumwambia ng'ombe wako wapi. Anahitaji dereva wa lori, mchinjaji asiyeuliza maswali, mnunuzi, na kijiji kinachonyamaza. Mwanasiasa mchochezi anahitaji vijana wasio na kazi na umati wa kumpigia makofi. Hao wote ni watu tunaowajua, na wengine ni jamaa zetu. Wakikataa pamoja, bunduki inabaki chuma tu. Kukataa huko ndiko tunakoita harakati zisizo na fujo. Si uoga, wala si kukaa kimya.

Na ninyi mna vyombo tayari. Mna mwenyekiti, katibu, mwekahazina, daftari na siku ya mkutano. Basi fanyeni haya:

1. Andikeni katika kanuni za kikundi kwamba pesa za wanachama hazitanunua silaha, na hakuna mwanachama atakayenunua mnyama asiyejulikana alikotoka.

2. Tafuteni kikundi kimoja cha upande wa pili wa mpaka. Anzeni na jambo dogo mnalolitumia wote: soko, kisima, au njia ya malisho.

3. Chagueni watu watatu au wanne wa kwenda haraka jambo likitokea: mzee, mama, kijana. Wawe na nambari za simu za chifu, polisi, na wenzao wa upande wa pili. Uvumi uchunguzwe kabla haujarudiwa.

4. Waendeeni wazee wa Njuri Ncheke. Kazi ya kuamua ugomvi na kufunga mapatano wanaijua tangu zamani. Lakini msiache akina mama na vijana nje ya mlango.

5. Mkidai haki kwa wakubwa, daini waziwazi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 37, inawapa haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko, kwa amani na bila silaha. Mkiandamana, wekeni watu wenu wa kuangalia nidhamu, maana jiwe moja la mtu mmoja litafuta maneno ya watu elfu.

Najua mwenye kuibiwa ng'ombe watano anayesikia haya ana moyo mzito. Hatumwambii asahau. Tunamwambia tutatembea naye kudai ng'ombe wake kwa jina, tukiwa wengi na mchana, na wenzetu wa upande wa pili wakiwa wamesimama nasi.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

Ni kitu gani tunachotumia pamoja na majirani tunaogombana nao?

Mifugo ikiibiwa hapa kwetu, huuzwa wapi, na ni nani hunyamaza?

Ugomvi ukianza usiku wa leo, nani ataondoka, na atampigia nani simu kwanza?