Mafuta Katika Damu na Kupotea kwa Usemi

 

Nianze na nyanya mmoja niliyemtembelea. Aliketi kunywa chai asubuhi, akamwambia mke wa mwanawe, "Niletee mlango." Alitaka sukari. Wajukuu wakacheka. Kufikia adhuhuri mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea na maneno hayatoki kabisa. Wengine nyumbani wakasema amerogwa, wengine wakasema ni uzee tu, wakamlaza apumzike. Alifika hospitalini kesho yake. Kumbe ni kiharusi, na alipopimwa damu, kolesteroli ilikuwa juu sana.

Utaniuliza, mafuta ya damu na ulimi vinahusianaje? Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, haigusi ulimi wenyewe. Ikizidi, hujijenga polepole ndani ya mishipa ya damu, hata ile inayopeleka damu kwenye ubongo. Siku moja donge la damu huziba njia. Sehemu ya ubongo ikikosa damu huanza kufa. Kwa watu wengi lugha hutawaliwa na upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ndio unaoongoza mkono wa kulia. Ndiyo maana nyanya alipoteza vyote viwili pamoja.

Kolesteroli haiumi wala haiwashi, na hata mtu mwembamba anaweza kuwa nayo. Hujulikana kwa kupimwa damu tu. Ikiwa mzee wako ana presha au kisukari, au anavuta sigara, mwombe daktari ampime. Akiandikiwa dawa, asiache kumeza kwa sababu anajisikia vizuri. Jikoni punguza mafuta ya mgando na vyakula vya kukaanga. Ongeza maharagwe, ndengu na sukuma wiki isiyoogelea mafuta.

Sasa hili nalo lishike. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, tazama saa, kisha tafuta gari. Ipo dawa ya kuyeyusha donge, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya kupigwa picha ya kichwa, na si kila hospitali inayo. Usimpe chai, uji wala aspirini. Anaweza kupaliwa, na huenda mshipa umepasuka badala ya kuziba, aspirini ikazidisha kuvuja damu. Maneno yakirudi baada ya dakika chache, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hilo ni onyo, na kiharusi kikubwa chaweza kufuata.

Mama mmoja aliniuliza kama mwanawe wa miaka miwili hasemi kwa sababu ya kula mayai. La, mama. Usimnyime mtoto yai. Mpeleke kliniki, masikio yapimwe kwanza.

Tukirudi kwa nyanya: aliyepoteza maneno hajapoteza akili. Wengi husikia na kuelewa mengi, ndiyo maana hulia wakisemwa mbele yao kama watoto. Zima redio (naam, hata hii yetu), keti mbele yake, sema sentensi fupi. Muulize swali la ndiyo au la. Mwonyeshe kikombe, mwonyeshe sukari. Mpe nafasi atafute neno, usimkatize. Usishangae lugha ya mama ikirudi kabla ya Kiswahili, au Kiswahili kikatangulia. Na muimbe pamoja, kwa maana wengi wasioweza kusema huweza kuimba wimbo waliouzoea.

Hospitali kubwa zina wataalamu wa usemi. Omba barua ya rufaa mapema. Nyanya wetu alianza mazoezi baada ya miezi mitatu kwa kuwa hakuna aliyewaambia jamaa zake. Bado huita sukari mlango siku nyingine, lakini sasa anajua amekosea, na hutikisa kichwa mpaka wamletee.