MAZUNGUMZO: FORONYA YA KUFUNGA KWA KAMBA
(Yalitolewa mbele ya kikundi cha ushonaji)



Mnajua foronya tisa zimerudishwa. Zilifuliwa mara moja tu, mto wa sm 45 ukakataa kuingia. Yamesemwa mengi juu ya wasichana wanaojifunza cherehani. Jamani, wasichana hawana kosa. Aliyekata kitambaa bila kukirowesha ni mimi. Niliharakisha. Hasara ile ni ya ushirika wote, ndiyo maana nimesimama hapa.

Basi tuanze upya, hatua kwa hatua.

Kwanza, rowesha kitambaa cha pamba usiku kucha, kianike kivulini, kisha kipige pasi. Kama kitaruka, kiruke kwako, si kwa mnunuzi. Ndipo uchukue mkasi.

Pili, kata vipande viwili, upana sm 48, urefu sm 51. Sm 1 na nusu ni za mshono kila upande na chini. Sm 4 na nusu za juu ni za upindo wa mdomo. Ukitumia kanga, mji ukae katikati na jina lisikatwe. Nani atanunua jina nusu?

Tatu, kamba. Hizi usikatie kitambaa kipya. Lile gunia la mabaki pale pembeni linatosha. Kata vipande sita, kila kimoja sm 4 kwa 25. Kunja kingo zikutane katikati, kunja tena, piga mshono. Rangi tofauti na foronya ndiyo pambo lenyewe.

Nne, kunja kipande mara mbili kwa upana, kisha mara mbili tena. Mikunjo mitatu inayobaki ndiyo mahali pa kamba. Hapana haja ya futi. Fanya vivyo hivyo kipande cha pili, kamba zipate kutazamana.

Tano, kunja upindo kwa ndani, sm 1, halafu sm 3 na nusu. Ingiza ncha za kamba chini ya upindo, shona. Kisha zigeuze zielekee mdomoni, uzishone tena ukingoni. Mshono mmoja hautoshi, watoto watazivuta.

Sita, weka vipande uso kwa uso, kamba zikiwa ndani, zisiguse mshono. Shona pande tatu, acha mdomo. Mwanzo na mwisho rudisha mshono. Punguza pembe, pindua.

Wengine wameuliza: kwa nini tusitie zipu? Zipu inanunuliwa, kamba inatoka kwenye mabaki. Zipu ikiharibika mpaka fundi. Kamba ikikatika, mama mwenyewe anashona nyingine jioni hiyo hiyo. Ila mdomo wa kamba huonyesha mto kidogo, kwa hiyo sufi ivikwe kwanza marekani safi.

Zile tisa hazitatupwa. Tutazifumua, tuzikate kwa mito midogo ya watoto. Waliorudisha watashonewa mpya bila malipo, na kufumua nitafumua mimi.

Kuanzia sasa kitambaa kisichoroweshwa kisipande mezani, hata akikileta Mwenyekiti. Kila foronya ijaribiwe kwa mto kabla ya kuuzwa.

Haraka haraka haina baraka, mimi nimeilipia.